Bila shahada ya sheria, naweza kuwa mtaalamu wa haki za binadamu upande wa ukatili dhidi ya wanawake?

*"Nina umri wa miaka 27 na shahada ya sosholojia. Kwa miaka 3 nimefanya kazi kwenye shirika dogo linalotoa ushauri na msaada wa kisheria kwa wanawake waliofanyiwa ukatili. Napokea wateja, naandika maelezo yao, nawasindikiza polisi na hospitali. Ndoto yangu ni kufika ngazi ya kimataifa, niwe mtaalamu wa haki za binadamu kama wale wanaotumwa na Umoja wa Mataifa. Wenzangu wananiambia bila sheria napoteza muda. Nirudi chuo nianze shahada ya sheria, au nichukue uzamili wa haki za binadamu? Je, kazi hii inamlisha mtu? Halafu mwezi uliopita mama niliyemsaidia tangu mwanzo alikwenda kufuta kesi yake. Tangu hapo silali vizuri, naota kesi za watu, na najiuliza kama kazi hii naiweza."*

Pole na kazi, dada, na ahsante kwa kuuliza bila kuficha. Nikiyakusanya maswali yako, naona hofu moja: kwamba miaka hii 3 haihesabiki, kwa sababu huna sheria, huna cheo, na hata mteja uliyemshika mkono ameondoka. Inahesabika. Ila kuna stadi moja ambayo huenda bado hujafundishwa, nayo ndiyo inayomtofautisha mhudumu mzuri wa kituo na mtaalamu wa haki za binadamu. Kabla ya kuifikia, tukiweke sawa hicho cheo chenyewe, maana kinawachanganya wengi.

Nafasi ya Mtaalamu Maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ukatili dhidi ya wanawake ilianzishwa mwaka 1994, na leo iko chini ya Baraza la Haki za Binadamu, Geneva. Anayeishika si mwajiriwa wa Umoja wa Mataifa na halipwi mshahara. Hupewa muhula wa miaka 3 ambao unaweza kurudiwa mara moja tu. Hugharimiwa safari za kikazi na kupewa wasaidizi wachache kutoka Ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu, lakini riziki yake anaitafuta kwingine: chuo kikuu, ofisi ya uwakili, shirika, kazi za ushauri elekezi. Kila mwaka huandika ripoti kwa Baraza la Haki za Binadamu na nyingine kwa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Hutembelea nchi chache tu kwa mwaka, na hawezi kuingia kikazi katika nchi yoyote bila serikali yake kumkaribisha. Wajumbe 23 wa Kamati ya CEDAW, inayosimamia mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, nao huchaguliwa na nchi wanachama kwa miaka 4 na hawalipwi mshahara. Kwa hiyo usipange maisha kana kwamba hiyo ni ajira ya kuomba ukiwa na miaka 35. Mtu huifikia akiwa tayari na kazi nyingine inayomlisha na jina alilojijengea kwa maandishi.

Kuhusu sheria, angalia walioshika nafasi hiyo. Wa kwanza, Radhika Coomaraswamy wa Sri Lanka, ni mwanasheria. Aliyempokea mwaka 2003 na kuitumikia hadi 2009, Yakin Ertürk wa Uturuki, ni mwanasosholojia kama wewe. Na ndiye aliyeandika, mwaka 2006, ripoti nzima juu ya wajibu wa serikali kuchukua hatua stahiki dhidi ya ukatili, ripoti ambayo wanasheria wanainukuu mpaka leo. Wenzako hawakukosea kusema sheria ni muhimu. Walichokosea ni kudhani kwamba sheria ya haki za binadamu hujifunzwa kwa njia ya shahada ya kwanza ya sheria pekee.

Sasa twende kwenye hiyo stadi. Mume akimpiga mke ndani ya nyumba, hilo ni kosa la jinai la mtu binafsi. Linageukaje kuwa suala la haki za binadamu, ilhali haki za binadamu kwa asili zinaibana serikali? Kwa muda mrefu jibu la serikali nyingi lilikuwa "haituhusu". Hata mkataba wa CEDAW wa mwaka 1979 haukuutaja ukatili huo waziwazi. Kamati ya CEDAW ndiyo iliyoziba pengo mwaka 1992 kwa Pendekezo la Jumla namba 19, iliposema kwamba ukatili unaomlenga mwanamke kwa kuwa ni mwanamke ni aina ya ubaguzi, na kwamba serikali inaweza kuwajibika hata kwa matendo ya watu binafsi ikiwa haikuchukua hatua stahiki. Mwaka 1993 ulifuata mkutano wa dunia wa haki za binadamu wa Vienna na Azimio la Baraza Kuu kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, na mwaka 2017 Kamati ikalipanua fundisho hilo kwa Pendekezo namba 35. Wazo lenyewe la "hatua stahiki" lilishika mizizi kwenye kesi ya Velásquez Rodríguez dhidi ya Honduras, iliyoamuliwa na Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika mwaka 1988. Kesi ile ilihusu mtu aliyepotezwa, wala haikumhusu mwanamke. Watetezi wa wanawake waliichukua hoja na kuileta nyumbani.

Kwa lugha ya kituoni kwako, serikali ina kazi tano: kuzuia, kulinda, kuchunguza na kushtaki, kuadhibu, na kufidia. Mtaalamu wa haki za binadamu anaposikiliza habari ya kipigo huwa anasikiliza habari mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni alichofanya mume. Ya pili ni kila mlango wa serikali ambao mwanamke aligonga, nani alifungua, alisema nini, na kilifuata nini.

Kesi ya A.T. dhidi ya Hungary, iliyoamuliwa na Kamati ya CEDAW mwaka 2005, inaonyesha vizuri. Kwamba mwanamke yule alipigwa vibaya kwa miaka haikuwa hoja iliyoiangusha serikali. Kilichoiangusha ni mambo haya: sheria ya nchi wakati huo haikuwa na amri ya kumzuia mtesi asimkaribie, hakukuwa na makazi salama yenye uwezo wa kumpokea yeye na mtoto wake mwenye ulemavu, na mahakama ilimruhusu mwanamume kurudi kwenye nyumba ileile kwa hoja ya haki ya kumiliki mali. Matundu matatu kwenye mfumo, kila moja na ushahidi wake. Ukilisoma lile faili utaona kwamba sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kupanga tarehe na nyaraka.

Basi angalia unavyoandika maelezo ya wateja. Kwenye mafaili mengi ya vituo utakuta sentensi kama hii: "Mteja alikwenda polisi hakusaidiwa." Ni kweli, lakini haina mtu, haina siku, na haiwezi kusimama mbele ya yeyote. Ilinganishe na hii: "Tarehe 4 Machi, saa 3 usiku, alifika kituoni akiwa na jeraha juu ya jicho la kushoto. Ofisa wa zamu alimwambia, kwa maneno yake, 'Rudi asubuhi uje na mumeo tuongee.' Hakupewa namba ya taarifa wala fomu ya matibabu. Alirudi nyumbani. Tarehe 6 Machi alipigwa tena." Hapo kuna kosa la kutolinda, kuna uhusiano kati ya kosa na kipigo cha pili, na kuna jambo ambalo serikali inaweza kuulizwa na ikatakiwa kujibu. Ukiwa na mafaili 30 yenye jibu lilelile la "uje na mumeo", huna tena malalamiko juu ya askari mmoja. Una mwenendo wa taasisi.

Maelezo yachukuliwe mara moja, vizuri. Anza na swali lililo wazi, "Nieleze kilichotokea kuanzia pale unapotaka kuanzia," kisha nyamaza. Usimwekee maneno mdomoni na usimpe majina ya kisheria. Akisema "alinikaba nikaona giza", andika hivyohivyo, usigeuze kuwa "jaribio la mauaji". Alichokiona mwenyewe kitenganishe na alichoambiwa na jirani. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni mwanamke kuhojiwa na mpokezi, kisha mshauri, kisha msaidizi wa kisheria, kisha mtu wa mradi anayetaka "simulizi ya mafanikio" kwa wafadhili. Kila mara anasimulia kwa namna tofauti kidogo, kama binadamu yeyote, na wakili wa upande wa pili ataziweka karatasi zote nne mezani na kumwita mwongo.

Ridhaa nayo si sahihi moja chini ya fomu. Ulizia moja moja: unakubali tutumie maelezo haya kukuhudumia? Kuyapeleka mahakamani? Kuyaweka kwenye ripoti bila jina? Kuyatoa kwa waandishi wa habari? Anaweza kukubali mawili na kukataa mawili, na anaweza kubadili mawazo kesho. Jina likae mahali pake, maelezo mahali pengine, na namba ya siri iyaunganishe. Simu yako binafsi isiwe kabati la picha za majeraha. Ikiibwa, au ikichukuliwa kwa nguvu, umemtia hatarini yule uliyetaka kumlinda. Tafuta Itifaki ya Istanbul, ya mwaka 1999 na kuhuishwa 2022, juu ya uandishi wa ushahidi wa mateso. Iliandikwa kwa ajili ya mateso ya dola, lakini nidhamu yake ya kulinganisha maelezo na majeraha inakufaa wewe pia.

Na kuna swali moja ambalo usiache kuliuliza hata ukiwa na foleni: "Amewahi kukukaba koo?" Kukabwa mara nyingi hakuachi alama inayoonekana, na wanawake wengi hawalitaji wasipoulizwa. Ni miongoni mwa dalili nzito zaidi kwamba siku moja mtu huyu anaweza kuua. Sauti iliyokwaruza, kumeza kwa shida, vitone vyekundu kwenye macho, kujikojolea au kupoteza fahamu: huyo aende hospitali siku hiyohiyo, maelezo yatasubiri. Kadhalika aliyebakwa. Dawa za kinga dhidi ya virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, tena mapema inavyowezekana, na za dharura za kuzuia mimba ndani ya siku 5. Mtaalamu anayemshikilia mteja ofisini kwa muda wa saa nne akikamilisha fomu wakati saa hizo zinayoyoma amekosea kazi, hata kama fomu ni nzuri.

Nije kwa yule mama aliyefuta kesi. Wewe umelisoma tukio hilo kama kushindwa. Lisome kama taarifa. Mwanamke hufuta kesi kwa sababu zinazoweza kutajwa: ametishwa, ndugu wamemkalia kikao, hana pa kula wala kulala bila mtuhumiwa, anaogopa kunyang'anywa watoto, au kesi imeahirishwa mara nyingi hadi nauli imekwisha. Tena, kipindi cha kuondoka au kushtaki ndicho chenye hatari kubwa zaidi, na yeye anaijua hatari ya mtu wake kuliko wewe na mimi. Pengine amepiga hesabu akaona kubaki hai wiki hii ni muhimu kuliko hukumu mwakani.

Sheria ya kimataifa imeshalizungumzia hilo. Katika kesi ya Opuz dhidi ya Uturuki, mwanamke na mama yake walishtaki mara kadhaa na kufuta malalamiko baada ya vitisho, na mamlaka zikafunga mafaili kwa sababu hiyo. Mwaka 2002 mume alimpiga risasi mama mkwe wake, akamuua. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, mwaka 2009, ilisema mamlaka zilipaswa kupima uzito wa makosa, silaha, historia ya vitisho na hatari inayoendelea, na kwamba kadiri kosa lilivyo zito ndivyo kesi inavyostahili kuendelea hata mlalamikaji akijitoa. Ilikuwa pia mara ya kwanza kwa mahakama hiyo kusema ukatili wa nyumbani ni ubaguzi dhidi ya wanawake. Kwa hiyo mteja anapofuta, andika kwa makini: alikuja na nani, alisema nini mkiwa wawili tu, nani aliandaa karatasi ya kufuta, mwendesha mashtaka alimuuliza chochote au aligonga mhuri tu.

Lakini nisikupe upande mmoja. Kuendesha kesi kwa nguvu dhidi ya matakwa ya mwanamke kuna gharama yake. Baadhi huacha kabisa kuripoti wakijua hawataweza kusimamisha mashine ikishawashwa, na wengine hulazimishwa kutoa ushahidi bila ulinzi wowote. Msimamo wangu ni kwamba makosa mazito yaendelee kwa ushahidi usiomtegemea yeye peke yake, kama vile ripoti ya daktari, jirani, picha na ujumbe wa simu, na kwamba ushahidi huo ukusanywe siku ya kwanza kana kwamba tayari amekwisha kujitoa. Yule mama mwachie mlango wazi. Sentensi kama "ukitaka kurudi, hata usiku, huna haja ya kueleza kwa nini uliondoka" imewarudisha wengi.

Sosholojia yako ina nguvu yake hasa kwenye takwimu, na hapo wanasheria wengi wanapwaya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au kingono na mwenza, au wa kingono na mtu mwingine. Idadi hiyo inatoka kwenye utafiti wa kaya, haitoki kwenye madaftari ya polisi. Madaftari huonyesha waliofika tu. Kesi zilizoripotiwa zikipanda mara mbili baada ya kufunguliwa dawati jipya la kupokea kesi hizo polisi, mwandishi wa habari ataandika kwamba ukatili umeongezeka, ilhali huenda kilichoongezeka ni imani ya wanawake kwa dawati hilo. Na swali la utafiti likiwa "Je, umewahi kufanyiwa ukatili?", wengi watasema hapana, kwa sababu kofi hawaliiti ukatili. Linaulizwa tendo kwa tendo: amewahi kukusukuma, kukupiga kwa ngumi, kukutishia kwa silaha. Miongozo ya usalama ya shirika hilo ya mwaka 2001 inataka ahojiwe mwanamke mmoja tu kwa kila kaya, faraghani, asiwepo hata mtoto aliyezidi miaka 2, na mhojaji awe na mada nyingine tayari ya kuhamia mtu akiingia ghafla. Anayejua haya na anayejua kusoma mkataba kwa pamoja ni mtu adimu.

Sasa chuo. Swali la kujiuliza ni moja: unataka kusimama mahakamani kwa jina lako? Kama ndiyo, hakuna njia ya mkato, shahada ya sheria na mafunzo ya uwakili huvikwepi, na kwa umri wa miaka 27 hujachelewa. Kama unachotaka ni uchunguzi, uandishi wa ripoti, sera na kazi ya mifumo ya kimataifa, sioni sababu ya kurudi mwanzo. Uzamili unatosha, na mara nyingi unahitajika. Nafasi za kuanzia za kitaalamu za Umoja wa Mataifa, daraja la P-2, kwa kawaida zinataka shahada ya uzamili na miaka 2 ya kazi. P-3 inataka miaka 5. Mwenye shahada ya kwanza pekee hukubaliwa akiwa na miaka ya ziada ya uzoefu. Mtihani wa programu ya vijana wataalamu wa Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa una kikomo cha miaka 32, na si kila nchi hushirikishwa kila mwaka, kwa hiyo ukiufikiria angalia orodha mapema.

Uzamili wenyewe usiuchague kwa jina la chuo. Omba mtaala uusome. Ukiona nadharia tupu ya haki tangu mwanzo hadi mwisho, pita. Tafuta wenye kliniki ya kisheria, yaani mahali wanafunzi hushughulikia kesi za kweli, somo la mbinu za utafiti lenye takwimu za kweli, na mwalimu aliyewahi kuandika mawasilisho kwa Kamati au mahakama ya kikanda. Kama upo wa muda wa ziada, unaousoma huku unafanya kazi, upe kipaumbele, kwa sababu ukitoka kazini kabisa kwa miaka 2 unapoteza kile hasa kinachokutofautisha na waombaji wengine mia. Jifunze pia lugha ya pili ya kazi hadi uweze kuiandikia ripoti. Kuongea tu hakutoshi.

Na ngazi ya kimataifa unaweza kuigusa mwaka huu, ukiwa hapohapo ulipo. Nchi zilizoridhia CEDAW zinatakiwa na kifungu cha 18 kupeleka ripoti angalau kila miaka 4, ingawa nyingi huchelewa. Shirika lolote linaweza kupeleka ripoti mbadala, yaani maelezo yake lenyewe kando ya ripoti ya serikali, na kwa hili halihitaji hadhi ya ushauri ya Umoja wa Mataifa. Tafuta ratiba ya nchi yako na muungano wa mashirika unaoandaa ripoti hiyo, kisha ujitolee kuandika aya mbili tatu, si zaidi: kifungu cha mkataba, sheria ya nchi inasemaje, mafaili yenu yanaonyesha nini bila majina, na swali moja ambalo Kamati iiulize serikali. Swali linalojibika kwa "tunaendelea kulifanyia kazi" ni swali bovu. "Ni amri ngapi za zuio zilitolewa mwaka jana, na ngapi zilikiukwa bila mtu kukamatwa?" ni zuri. Wajumbe wana muda mfupi sana na serikali mezani, na swali lililokaa vizuri hulichukua kama lilivyo.

Kuhusu riziki, inalisha, lakini kwa mafungu. Mashirika mengi huishi kwa miradi ya mwaka 1 hadi 3, na mradi ukifa mkataba wako hufa nao, pamoja na huduma kwa wateja waliokuwa katikati ya kesi. Ajira zilizo tulivu zaidi ziko kwenye tume za taifa za haki za binadamu, wizara, idara za ustawi wa jamii, vyuo na mashirika makubwa ya kimataifa. Kazi za ushauri elekezi hulipa vizuri ila huja kwa msimu, na anayezipata ni yule ambaye maandishi yake yameshasomwa. Mahali popote utakapoitwa kwenye usaili, na wewe uliza: mhudumu mmoja anabeba kesi ngapi kwa wakati mmoja, nani anamsimamia kitaaluma, na mtuhumiwa akimfuata mfanyakazi hadi kwake, shirika hufanya nini? Wakibabaika kwenye hilo la tatu, fikiria mara mbili.

Mwisho nizungumzie usingizi. Kuota kesi za watu si ushahidi kwamba kazi huiwezi. Akili inayopokea habari za mateso kila siku huanza kujihami kana kwamba hatari ni yake: inashtuka kwa mlango kugongwa, inakwepa mtaa fulani, au inakufa ganzi hadi mteja akilia husikii kitu. Huo ni msongo wa kubeba kiwewe cha wengine, na huwapata zaidi wale wenye kesi nyingi, wasio na msimamizi, na wanaofanya kazi peke yao. Kupumzika husaidia kidogo. Kinachosaidia zaidi ni kupunguza idadi ya mafaili, kuchanganya siku za wateja na siku za uandishi, na kuwa na saa moja ya usimamizi wa kitaaluma kila wiki au mbili, ambapo unaizungumza kesi na mtu mwenye uzoefu asiyekupangia mshahara. Omba hilo ofisini kwa maandishi.

Lakini umesema ni tangu mwezi uliopita, na hapo kwa barua nimefika mwisho wa ninachoweza. Muone mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili ana kwa ana wiki hii, usingoje likizo. Kama unatumia pombe au vidonge ili ulale, au umewahi kuwaza kwamba heri usingekuwepo, nenda leo, na umwambie mtu wa karibu akusindikize. Na kama wewe mwenyewe umewahi kupitia ukatili, jambo la kawaida kabisa kwa watu wa kazi hii, mwambie huyo mshauri tangu kikao cha kwanza, maana matibabu yatapangwa tofauti. Msimamizi wako kazini mwambie tu kwamba unahitaji mapumziko ya wateja wapya kwa wiki 2. Sababu ni yako, huna deni la kumweleza.